Watani wa Sheli Mbili

Habari kwamba tumemnunua Mngoni ililetwa na dereva wa lori la mafuta. Alifika Ifakara mchana, matope yamemjaa mpaka kwenye kofia, maana alikuwa amekwama kijiji cha Kisawasawa akalala huko huko na lori lake. Hata mpira wa kushushia dizeli hajaufunga, akamwambia baba, "Mzee, mmepata habari? Kampuni yetu imeinunua kampuni ya hao jamaa." Akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara. Baba akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kisha akauliza kama ni kweli. Dereva akasema Dar es Salaam habari ndiyo hiyo, na maghala yote mawili ya mafuta sasa yana bosi mmoja.

Baba hakuuliza wamenunua kwa bei gani wala kwa nini. Alivuka barabara. Mimi nilimfuata, kwa sababu nilijua kinachokwenda kutokea na sikutaka kukikosa.

Nieleze kidogo. Miaka ile ya tisini, upande wetu wa mji kulikuwa na sheli mbili zilizotazamana. Kwetu kituo chochote cha mafuta tunakiita sheli, kiwe cha kampuni yoyote, na mpaka leo ukiniambia "kituo cha mafuta" naona kama unanihutubia. Yetu ilikuwa na bango la bluu, ya pili bango jekundu. Baba alikuwa wakala wa bluu. Wakala maana yake jasho ni lako na hasara ni yako, lakini pampu, matangi yaliyofukiwa chini na hata kiwanja ni vya kampuni. Baba alikuwa Mpogoro wa Mahenge, fundi wa zamani wa matrekta kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, na alichechemea mguu wa kulia tangu trekta moja limwangukie. Wakala wa jekundu alikuwa Mngoni wa Songea, dereva wa malori aliyestaafu, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Na Wapogoro na Wangoni ni watani.

Asiyekulia kwetu hapo ndipo anapoanza kupotea. Mzaha mtu anaufanya akipenda. Utani unazaliwa nao. Babu zao waliwahi kuwavamia babu zetu, wakachukua watu na chakula, na vita ilipokwisha wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana maisha yao yote bila mtu kununa. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Anaanua nguo yako kambani na kuondoka nayo. Ukifiwa, ndiye anayekuja msibani kuwachekesha waliochoka kulia: anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea, na wakati mwingine anaruka kaburini, anajilaza humo na kugoma kutoka mpaka apewe haki yake. Huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, anayebeba maji, anayepika. Kumkasirikia mtani ni aibu kuliko tusi lolote atakalokutupia.

Basi baba alianza kuita kabla hajafika upande wa pili. "Mngoni! Toka nje! Nimekununua!"

Mngoni akatoka kwenye kibanda chake, miwani juu ya paji la uso. "Umeninunua kwa hela ipi, wewe ambaye hata hilo shati umerithi?"

"Muulize dereva. Kampuni yangu imeinunua kampuni yako. Babu zako walituchukua bure, leo Mpogoro anamchukua Mngoni kwa risiti. Kesho asubuhi njoo ufagie kwangu."

Mngoni alimtazama dereva, dereva akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona akimeza mate. Lakini hakukawia. "Nitakuja kufagia," akasema. "Ila ujue mtumwa analishwa na aliyemnunua. Mwambie mkeo apike ubwabwa, na kambale asiwe wa jana."

Na kesho yake alikuja kweli. Alikuja na ufagio wake mwenyewe, akafagia mahali padogo penye upana wa mkeka, akakaa upenuni kwetu na kutangaza kwamba mtumwa amechoka. Mama alimpikia. Alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili, akasema chumvi kidogo, akaondoka na kofia ya baba. Tangu siku hiyo wateja wakawa na jambo jipya la kuchekea. Wenye mashine za kukoboa mpunga walipokuja kuchukua dizeli walimuuliza baba kama mtumwa wake anaendeleaje. Watu wa Masagati, waliokuja kwa treni na madumu kununua mafuta ya taa, waliipeleka habari hiyo mpaka huko kwao kama habari kubwa ya mjini.

Mimi nilikuwa nauza hayo mafuta ya taa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani mwaka, kisha baba akanikabidhi pampu ndogo ya pembeni na droo ya chenji. Kwa damu nilikuwa na haki ya kumtania Mngoni kama baba alivyomtania, lakini sikuwahi. Nilimpa shikamoo kama mzee mwingine yeyote. Nilizaliwa na ulimi mkali nikalelewa kuufunga mbele ya wakubwa, na mpaka leo sijui kama malezi hayo yalinisaidia.

Ila kichwa changu hakikufungwa. Miezi ilipopita na mafundi wakaja kulishusha bango jekundu la Mngoni wakaweka la bluu kama letu, nilisimama kwenye pampu yangu nikaona sheli mbili za rangi moja zinatazamana. Jioni nikamwambia baba, "Baba, mtu mwenye akili hawezi kuwa na maduka mawili yanayotazamana. Moja watalifunga."

Baba alicheka. "Watafunga la Mngoni. Sisi ndio tulionunua."

Alisema hivyo kwa uhakika kabisa, na alikuwa hasemi kwa utani. Hilo ndilo lililonitisha. Baba alikuwa fundi hodari na alijua kupima dizeli kwa kuinusa, lakini neno "tumenunua" lilikuwa limemwingia. Aliamini kwamba kampuni iliponunua, yeye naye alinunua. Sheli ile ndiyo iliyokuwa shamba letu. Hatukuwa na ekari bondeni wala ng'ombe. Mdogo wangu wa kike alikuwa bweni Morogoro kwa sheli, bati la nyumba yetu lilitoka sheli, na baba mwenyewe, mwenye mguu ule na umri ule, hakuna mahali ambapo angeajiriwa tena.

Aliyetumwa kuamua alikuja wakati wa masika. Alitoka Nairobi, kwenye ofisi kubwa ya kanda, kijana wa makamo, mstaarabu, shati jeupe ambalo Ifakara ililifanya kahawia kabla ya saa sita. Nataka kuwa mkweli juu yake, maana ni rahisi kumfanya mjinga na hakuwa mjinga. Aliamkia wazee kwa heshima. Alifanya kazi yake mwenyewe bila kuagiza watu: alikipaka kijiti cha kupimia dawa ile inayobadilika rangi ikigusa maji, akakichomeka kwenye matangi ya pande zote mbili, akachukua muda. Alikuta maji kidogo chini ya tangi letu na maji kidogo chini ya tangi la Mngoni. Masika Ifakara maji yanaingia hata kwenye kopo la chumvi. Sisi tuliyatoa kwa pampu ya mkono, naye akatazama tukiyatoa, akaridhika.

Mchana akawaalika mawakala wote wawili wale naye hotelini karibu na soko. Baba akanichukua nikashike mkoba wa risiti, iwapo ataulizwa kitu. Hoteli ilikuwa imejaa, siku ya mnada, Wasukuma waliouza ng'ombe wamekaa na nyama zao, madereva, wachuuzi wa mchele. Tukapata meza katikati. Walipomaliza wali, yule bwana akasukuma sahani pembeni, akachukua kalamu, akasema kwa sauti ya upole:

"Wazee wangu, nyinyi mmefanya biashara mkiangaliana miaka mingi. Kila mmoja anamjua mwenzake kuliko nitakavyomjua mimi. Naomba kila mmoja aniambie ukweli juu ya mwenziwe. Msiogope, semeni wazi."

Angeuliza chochote kingine. Kumwambia Mpogoro aseme ukweli juu ya Mngoni, Mngoni mwenyewe akiwa amekaa pale, watu wamejaa hotelini na masikio yamesimama! Niliona baba anavyojiweka sawa kwenye kiti. Meza za jirani zikaanza kunyamaza.

"Huyu bwana ni mgeni nchini," baba akaanza. "Kwao Afrika Kusini. Makaburu wameshaachia nchi, tunamwambia arudi kwao, hataki. Babu zake walitoka huko wakiiba ng'ombe njia nzima mpaka wakachoka kuswaga, ndiyo maana wakakaa Songea. Msukuma akipotelewa na ng'ombe bonde hili, asihangaike kwenda polisi. Achungulie nyuma ya sheli ya huyu."

Hoteli ikalipuka. Msukuma mmoja mzee aliweka nyama chini ili acheke vizuri. Mngoni alisubiri kicheko kiishe, maana alijua kazi yake.

"Bwana mkubwa, umesafiri mbali, mimi siwezi kukudanganya," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Huyu amezaliwa pangoni, mama yake akiwa amejificha babu zangu wapite. Mtu wa pangoni atayajua wapi mafuta? Yale anayouza anayachota mto Lumemo kwa ndoo, anayatia rangi. Pampu yake inauza upepo. Gari likijaza kwake halifiki kivukoni. Likifika, ujue limesukumwa."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akagonga meza, akamwambia Mngoni, "Mwizi wewe, leo umeniua." Watu walirudia "pampu inauza upepo" kutoka meza hadi meza. Yule bwana naye alitabasamu, akainama, akaandika. Nilimwona. Nilidhani anaandika ili akawasimulie wenzake Nairobi.

Masika yakaisha, na aliyekuja na majibu alikuwa meneja wetu wa Morogoro, mtu tuliyemzoea. Alikataa soda. Hapo nikajua. Akamwambia baba kwamba sheli itakayobaki ni ile ya upande wa pili. Tangi letu litafukuliwa na kupelekwa kwingine kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Baba akauliza kama mtoto anayeuliza jambo alilokwisha kuambiwa. "Sisi tulionunua ndio tunaofungwa?"

"Mzee wangu, iliyonunua ni kampuni," meneja akasema. "Wewe ni wakala."

Sijawahi kusahau jinsi baba alivyouangalia mkono wake wakati ule, kana kwamba alikuwa ameshika kitu akakuta hakipo.

Kisha meneja akatueleza sababu, na ilimwia vigumu. Kiwanja cha Mngoni kiko kwenye kona, hilo lilihesabiwa. Lakini lililokata mambo lilikuwa lile la mafuta. Ripoti ilisema tangi letu limekutwa na maji, na mfanyabiashara wa jirani, mbele ya wakala mwenyewe na mbele ya umati, amethibitisha kwamba maji yanaongezwa na pampu zinapunja. Na wakala hakukanusha, bali alicheka.

"Lakini ule ulikuwa utani!" nilisema. Nilisimama kabisa.

"Najua, binti. Nani asiyejua?" Meneja alijifuta jasho. "Niliwaandikia. Tatizo utani unauandikaje kwa Kiingereza? Nikaandika kwamba wale wazee walikuwa wanafanya mzaha. Nairobi wakajibu kwamba wakala anayefanyia mzaha ubora wa mafuta ndiye hasa wasiyemtaka. Nikiendelea kueleza, nitawafungia wote wawili."

Nilitaka kuvunja kitu. Baba yeye alianza kucheka, kicheko kidogo tu, puani. "Anayachota Lumemo," akasema. "Anayatia rangi." Akacheka tena, akaniambia nikampe meneja maji ya kunywa.

Habari zilimfikia Mngoni jioni ile ile. Hakuja kwetu. Alifunga sheli yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na alfajiri akapanda treni ya Dar es Salaam kwenda kuwaambia wakubwa kwamba alitania. Alirudi wiki iliyofuata. Mkewe alimsimulia mama yaliyomkuta: walimsikiliza kwenye ofisi yenye baridi, wakamwuliza kama alimwambia yule mkaguzi wa Nairobi uongo. Akasema si uongo, ni utani. Wakamwuliza tena, ni kweli au ni uongo. Ikiwa ni kweli, uamuzi unabaki. Ikiwa ni uongo, wakala mwongo hawezi kukabidhiwa mafuta ya kampuni, na watatafuta mtu mwingine wa kuendesha sheli itakayobaki. Mngoni ana watoto na wajukuu ndani ya nyumba ile. Alichukua kofia yake akaondoka.

Siku ya pili baada ya kurudi alikuja nyumbani. Alibisha hodi. Mtani kupiga hodi! Akasubiri mpaka akakaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akamwambia baba, "Shikamoo, mzee."

Walikuwa marika. Pengine Mngoni alimzidi baba hata umri. Baba hakuitikia, alimkodolea macho tu. Mngoni akasema pole, akasema Mungu atasaidia, maneno ambayo mtu yeyote angesema. Mama akaleta ubwabwa, aliokuwa ameupika makusudi alipomwona anakuja. Mngoni akaweka mkono kifuani. "Asante, mama. Nimeshiba." Akaaga, akavuka barabara, akaingia kwenye kibanda chake.

Mama alirudisha sahani jikoni, akaiweka juu ya meza, akaifunika kwa kawa, na hakuna aliyeila. Baba alikaa upenuni mpaka giza likaingia. "Sheli waichukue," akaniambia nilipomletea taa. "Ni yao. Lakini Mngoni amenipa shikamoo. Hili nitalipeleka wapi?"

Ikawa ndiyo hali. Kila asubuhi Mngoni akifungua pampu zake, anamwinamia baba kwa mbali, anasema habari za asubuhi. Baba akimrushia maneno, "Mwizi wa ng'ombe, umeamka?" anajibu, "Tumeamka salama, mzee." Wateja waliokuwa wamezoea kusimama katikati ya barabara kuwasikiliza walianza kujaza mafuta na kuondoka. Baba akaacha kuita. Alikonda, akaanza kusahau mambo, akawa anafika kazini amevaa ovaroli lake la bluu na kukaa tu kwenye kiti akingojea wafukuaji.

Mimi hasira zangu zilikuwa nyingine. Nilimkasirikia Mngoni kabisa, na nilimwambia baba hivyo. Si angetukana babu zetu, mapango, mguu, chochote? Kwa nini aguse mafuta? Baba alinigeukia kwa ukali ambao sikuutegemea. "Utani ukishakuwa na mahali usipogusa, huo si utani tena, ni adabu," akasema. "Adabu ninayo ya kutosha sasa hivi. Inavuka barabara kila asubuhi." Hasira haikuniisha. Mngoni aliponisalimia nilimwitikia bila kumtazama.

Wafukuaji walikuja kiangazi, na lori lenye winchi na msimamizi wa makamo, Mzaramo, mwenye kofia ngumu ya njano. Pampu ziling'olewa kwanza. Ile yangu ndogo ya mafuta ya taa ilitoka upesi sana, hata niliona aibu kwa ajili yake. Kisha wakaanza kuchimba. Sijui nani aliwaambia watu, lakini walikuja, kidogo kidogo, na walivyokaa ndivyo watu wanavyokaa msibani: wanawake chini upande mmoja, wamejifunga khanga, wanaume kwenye mabenchi yaliyotoka sijui wapi. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Baba alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Hakuvaa ovaroli siku hiyo. Alisema amelitafuta hajaliona, na mama akasema labda limeanguka nyuma ya kamba.

Udongo ukatoka mpaka mgongo wa tangi ukaonekana, mweusi, umekula kutu pembeni, unanuka miaka yote ya dizeli. Wakazungusha minyororo. Msimamizi akainua mkono kumwashiria dereva wa winchi.

Ndipo tukamwona Mngoni. Alikuwa anavuka barabara amevaa ovaroli la bluu la baba. Lilikuwa fupi kwake, likiishia chini kidogo ya magoti, na kichwani alikuwa na ile kofia ya baba aliyoichukua siku ya ufagio. Alikuwa anachechemea. Mguu wa kulia, sawasawa kabisa, na ile namna ya baba ya kushika nyonga kabla ya kupanda ngazi. Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Mngoni akapita katikati ya watu kwa kuchechemea, hakumsalimia mtu, akafika ukingoni mwa shimo, akateremka, akajilaza chali juu ya tangi na kufunga mikono kifuani.

"Halitoki!" akapiga kelele kutoka shimoni. "Mtatoa maiti ya Mpogoro bila kumpa mtani haki yake? Tangi hili lilinyweshwa na mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nabeba ndoo za Lumemo kila siku, huyu kiwete asingeweza! Rangi nilitia mimi! Upepo nilipuliza mimi, kwa kinywa hiki hiki!"

Hakuna aliyecheka. Maneno yale ndiyo yaliyotufikisha pale, kila mtu alijua, na kila mtu alimgeukia baba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilidhani atalia, na alikuwa analia kweli, lakini mdomo ulikuwa unafunguka kwa jambo jingine.

"Mfukieni humo humo!" baba akasema. Sauti ilitoka yote, ile ya zamani. "Rudisheni udongo! Afrika Kusini hawamtaki, mimi nimtie wapi?"

Hapo watu wakapasuka. Walicheka wakilia, wanawake wakapiga vigelegele vya ajabu ambavyo si vya harusi wala vya msiba, na kijana mmoja wa wafukuaji akachukua koleo kweli akamrushia Mngoni udongo miguuni. Dereva wa winchi alipiga honi, anauliza vipi, avute au asivute. Yule msimamizi Mzaramo alikuwa ameshavua kofia yake ngumu. Hakuuliza lolote. Alikaa chini kwenye lundo la udongo na kumwambia dereva, "Zima injini. Marehemu ana mtani."

Kelele zilipopungua msimamizi akauliza shimoni, kwa heshima zote, haki ya mtani ni nini.

"Ubwabwa!" Mngoni akajibu, amefumba macho. "Na kambale. Mimi ni mtumwa wa watu hawa, wameninunua kwa risiti, tangu masika sijalishwa!"

Mama aligeuka tu nyuma yake, kwenye kapu, na nikaona kwamba chakula alikuja nacho tangu asubuhi, kimefungwa kwenye kitambaa, bado cha moto. Kumbe alikuwa amemwona aliyeanua ovaroli kambani. Akanitazama mimi.

Nilichukua sahani nikateremka. Shimo lilikuwa na joto na harufu ikanikaba koo. Mngoni alikuwa ameinuka amekaa juu ya tangi, miguu inaning'inia kwenye ovaroli fupi, na kwa karibu niliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu na mikono inatetemeka kiasi kwamba asingeweza kuipokea ile sahani bila kuimwaga. Nikaishikilia. Akala tonge moja. Akatafuna muda mrefu.

"Chumvi kidogo, binti wa Mpogoro," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, ya mtu anayebisha hodi.

Juu, wote walikuwa wananingojea mimi, na baba akiwemo.

"Kula, Mngoni," nikamwambia. "Tumekununua, tutakulisha."